Rungu la Majirani
Wengi hudhani sheria za mtaa ni mambo ya geti na takataka tu. Mimi hufikiria St. Louis, Marekani. Mwaka wa 1911, wenye nyumba 30 kati ya 39 walitia sahihi: kwa miaka 50, Mtu Mweusi asiishi hapa. Mwaka wa 1945 familia ya Shelley, watu Weusi, ikanunua nyumba papo hapo. Majirani, wakiungwa mkono na chama cha wenye nyumba, wakaenda korti ili ifurushwe. Tarehe 3 Mei 1948, Mahakama ya Juu ikasema: kubalianeni mtakavyo, lakini korti haitakuwa rungu lenu. Mkataba haukufutwa, uling'olewa meno tu. Ndiyo maana sheria mpya ya mtaa ikibandikwa getini, mimi huuliza: inamfungia nani nje?