Askari Arudipo Nyumbani: Vita katika Uwanja wa Maigizo

Kila taifa humwimbia askari wake aendapo vitani, na humwimbia tena arudipo na ushindi. Lakini kesho yake, shangwe zikiisha, yeye huachwa na usingizi usiokuja na jirani asiyejua la kumwambia. Sanaa inayothubutu kuionyesha kesho hiyo ndiyo tunayotaka kuitazama hapa.

Wamarekani wameijaribu kwa filamu. Katika The Best Years of Our Lives ya mwaka 1946, Harold Russell, aliyepoteza mikono yote miwili jeshini, aliigiza baharia arudiye kwao na vyuma mahali pa mikono. Hakuwa mwigizaji kwa kazi yake. Mwili wake ulitangulia maneno. Mwaka 1978 ikatokea Coming Home, juu ya vita vya Vietnam. Humo Jon Voight aliigiza askari aliyepooza miguu, na yeye pamoja na Jane Fonda wakatunukiwa Oscar. Nguvu ya waigizaji hao imo katika utulivu wao: vita haivioni mtazamaji, bali huona vilichobakiza.

Tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Katika vita vya 1914–1918 watu wa nchi hii walichukuliwa kuwa askari na wapagazi, na wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa maelfu kwa maelfu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni ukumbusho wao. Waliosalia waliieneza ngoma ya Beni, iliyoanzia pwani, hadi bara. Walipanga safu, wakajipa vyeo vya jenerali na mfalme, wakatembea kwa mwendo wa gwaride. Aliyebebeshwa mzigo jana, leo alikuwa mwenye kutoa amri. Katika mchezo huo twaona kiburi, na twaona dhihaka pia.

Usukumani, ambako Bariadi ni moja ya miji yake, uwanja wa maigizo ya namna hiyo haujapata kukosekana. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hukabiliana katika mbina, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi. Hayo ni mapambano yasiyomwaga damu, na manju hodari aweza kusema mbele ya umati yale ambayo mtu hayasemi barazani.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Vijana wa mikoa yote, wanajeshi na mgambo, walikwenda, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Bariadi wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Vita ile ilikuwa ya haki, maana tulivamiwa. Hata hivyo, haki ya vita haimponyi aliyejeruhiwa, wala haimrudishii mjane mumewe.

Kila tarehe 25 Julai twawakumbuka mashujaa wetu, na ni wajibu. Lakini waliorudi hai sasa ni wazee, na kila mwaka hupungua. Mamanju na watunzi wa tamthilia wakae nao, wawasikilize, kisha wauigize uwanjani ule usiku wa baada ya shangwe. Kuichukia vita si kumtukana askari. Ni kumsikiliza mpaka mwisho wa hadithi yake.