Nani Alibeba Chakula cha Cao Cao?

Leo tuweke kando misimbo na hitilafu zake, tuzungumze gemu. Mliokulia Makongeni, Kaloleni au Mbotela mtaijua hii hata kama jina lake halikuwahi kuwakaa kinywani. Sisi tuliiita "ile ya Wachina". Bandani mpira ulilipiwa kwa mechi, lakini ile ya Wachina ililipiwa kwa dakika, maana vita vyake vingeweza kula nusu saa huku foleni nzima inakupumulia kisogoni. Unamchagua jemadari mmoja, mara nyingi Guan Yu kwa sababu ya zile ndevu, unaingia peke yako katikati ya jeshi la adui, na pembeni mwa skrini kihesabu kinapanda: mia, mia mbili, mia tano. Wote umewaangusha wewe.

Jina lake ni Dynasty Warriors, kazi ya kampuni ya Koei ya Japani kupitia kikosi chake kiitwacho Omega Force. Toleo la kwanza, la mwaka 1997, lilikuwa la watu wawili kupigana ana kwa ana, kama Tekken ila kwa mikuki na mapanga. Mwaka 2000 PlayStation 2 ilipotoka, wakabadilisha kila kitu: uwanja mpana, majeshi mawili, na wewe katikati. Kwao Japani walilipa toleo hilo jina jipya na kuanza kuhesabu upya, ndiyo maana toleo la 3 la huku nje ni la 2 la kule. (Mtu anayeanza kuhesabu kwa sifuri kazini hana haki ya kulalamika.)

Nilipoanza kuandika programu, kilichonivutia ni jinsi walivyoujaza ule uwanja. PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, na nyingine 4 za picha. Huwezi kuwaweka humo askari elfu moja kwa pamoja. Ukiangalia kwa makini utauona ujanja: ukungu umefunika mbali, askari wanajitokeza ghafla mbele yako kana kwamba ardhi imewatapika, na ukimwangusha mmoja mwili wake unamemeta mara mbili tatu, kisha haupo. Ndivyo tunavyofanya hata katika programu za kawaida: kitu kikishatumika unakifuta, nafasi yake inarudi kwenye bwawa, unampa mwingine. Maiti ni gharama.

Lakini vita vyenyewe vilikuwapo. Mwaka 184 wafuasi wa Zhang Jiao, mhubiri na mganga, walifunga vitambaa vya manjano vichwani wakaasi dhidi ya utawala wa Han. Uasi ulizimwa, ila majemadari waliouzima hawakurudisha silaha ghalani. Mwaka 220 Han ikaisha, na nchi ikawa ya pande tatu, Wei, Shu na Wu, hadi Jin walipoiunganisha mwaka 280. Chen Shou, aliyezaliwa mwaka 233 na kuutumikia utawala wa Shu kisha ule wa Jin, aliiandika historia hiyo. Zaidi ya miaka 1000 baadaye, katika karne ya 14, riwaya inayohesabiwa kuwa ya Luo Guanzhong ikaitia chumvi, na gemu ikaongeza pilipili. Lile pambano la lango la Hulao ambapo Lü Bu anawatoa jasho watu watatu kwa mpigo (na ambapo sote tulikufa) halimo kwa Chen Shou. Upepo ambao Zhuge Liang aliuomba pale Chibi mwaka 208 ni wa riwaya. Kwenye historia kuna mashua za Huang Gai zilizosheheni mabua makavu na mafuta, na kuna maradhi yaliyokuwa tayari yanalimaliza jeshi la Cao Cao.

Siku moja mzee mmoja, mstaafu wa reli, alisimama mlangoni mwa banda akimtafuta mjukuu wake. Makongeni ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na wazee wetu wengi walikuwa watu wa mabehewa na karakana. Akaitazama skrini kwa muda.

"Sasa hawa wote," akauliza, "wanakula saa ngapi, na anayewaletea ni nani?"

Tukacheka. Mmoja wetu akamweleza, "Unavunja chungu, mzee. Ndani kuna chakula."

Ni kweli. Katika gemu ile ukivunja chungu au sanduku unaweza kuokota andazi la nyama, na afya yako inarudi. Mzee akamshika mjukuu mkono wakaenda zao. Sijawahi kukutana na mhakiki wa gemu aliyeuliza swali zuri kama lile.

Maana chukua vita vya Guandu, mwaka 200. Yuan Shao alikuwa na jeshi kubwa zaidi, na Cao Cao alikuwa anaishiwa nafaka hadi akafikiria kurudi nyuma. Hakuokolewa na ubingwa wa upanga. Xu You, mshauri wa Yuan Shao, alihamia upande wake akamwambia nafaka ya adui imewekwa Wuchao. Cao Cao akaenda usiku na watu wapatao 5,000, akaichoma. Jeshi la Yuan Shao likasambaratika. Gemu inalo ghala la Wuchao, sitaisingizia, lakini mle ndani ni mahali pa kumkuta jemadari mwingine wa kupiga.

Cao Cao mwenyewe alizijua hesabu hizi. Tangu mwaka 196 alikuwa amewaweka watu kwenye mashamba ya serikali ili jeshi lile. Zhuge Liang wa Shu alikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu kila gunia lake lilipaswa kuvuka milima ya Qinling. Mwaka 231 alirudi nyuma kwa kukosa chakula. Alibuni vyombo vya kusafirishia nafaka vilivyoitwa ng'ombe wa mbao, na mwaka 234 akafia kambini Wuzhang.

Piga hesabu. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Safari ya siku kumi kwenda na kumi kurudi imekula kilo 20, amefikisha tano. Ikiwa ni siku kumi na tatu kwenda, anahitaji kilo 26 za kula. Mzigo wote haumtoshi yeye mwenyewe.

Hesabu hiyo ilipigwa hapa kwetu pia. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, mbung'o waliwamaliza farasi na ng'ombe wa kukokota, mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Jina la Kariokor, huku huku Eastlands, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao. Kariakoo ya Dar es Salaam ni hivyo hivyo. Waliotumika upande wa Waingereza wanakadiriwa kufikia karibu milioni moja, na vifo vilivyoandikwa rasmi vinapita 90,000, vingi vya maradhi. Sanamu ya mwaka 1928 kwenye Kenyatta Avenue ina watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Iliongeza kuwa idadi inaweza kufika 350,000. Kihesabu kilipanda, miili ikafutwa, nafasi ikarudi kwenye bwawa.

Koei waliungana na Tecmo mwaka 2009, na gemu hazijakoma. Dynasty Warriors: Origins ilitoka Januari 2025, na mashine za sasa zinaonyesha umati ambao megabaiti 32 zisingeota. Mimi bado narudia toleo la 3 na la 4. Ukilipata lolote, chukua upande wa Cao Cao, nenda Guandu, na ujaribu kumaliza vita bila kuvunja chungu hata kimoja. Mimi kufikia Wuchao huwa niko hoi.