Tungamotaka: Neno na Miti Yake

Katika hati za serikali zihusuzo nishati, kuni, mkaa, samadi na mabaki ya mazao hukusanywa chini ya jina moja la tungamotaka. Istilahi hii imeundwa kwa kuunganisha tungamo, ambalo wanafizikia wetu hulitumia kwa kiasi cha maada kilichomo katika kitu, na taka, ambalo halihitaji kuelezwa. Twakusudia kulipima neno hili kwa historia ya miti ya Nyanda za Juu za Kusini, maana huko ndiko lipatako mashahidi wa kulitetea na wa kulishtaki pia.

Tuanze na utetezi. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha Kampuni ya Miwati ya Tanganyika huko Njombe, mahali palipokuja kuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Mwati asili yake ni Australia, na jina lake ni la Kiingereza lililokwisha kuvikwa ngeli ya M-/MI- likatulia. Kilichotafutwa ni gome, ambalo hutoa tanini ya kutengenezea ngozi. Gogo lilikuwa ziada tu ya biashara hiyo. Mwaka 1995 kampuni ilianza kuendesha mtambo wa megawati 2.5: kuni zikachemsha maji, mvuke ukazungusha mashine ya kufua umeme, na sehemu ya umeme huo ikauzwa kwa TANESCO. Hapo neno letu lasema kweli, kwani kilichokuwa ziada kiligeuka nishati. Ndivyo ilivyo pia kwa maranda ya Mufindi, na kwa pumba za mpunga wa Usangu na Kyela, mkoani Mbeya, ambazo huchomea matofali.

Lakini istilahi haikukaa kwenye mabaki. Imetandazwa juu ya kila kitu kitokacho katika mimea, hata mti uliopandwa, ukapaliliwa na kulindwa na moto kwa miaka kadhaa ili uje uwe kuni. Mwanakijiji wa Makete akisomewa kwamba serikali yakusudia kuongeza uzalishaji wa tungamotaka, ana haki ya kuuliza kwa nini uchafu uongezwe. Taka haina mwenyewe, haina bei, wala haipandwi. Wala jambo hili si dogo, kwa kuwa kuni na mkaa ndiyo nishati ya kupikia ya kaya nyingi za nchi hii. Katika nchi nyingine wataalamu hukuza mwani mdogo usioonekana kwa macho, ndani ya madimbwi ya kuchimbwa, ili kukamua mafuta yake. Nao huitwa tungamotaka, ingawa hakuna aliyeutupa!

Tulinganishe na uchachushaji, istilahi ya kazi ile ya vijidudu izaayo biogesi na ethanoli. Hiyo haikuhitaji kutetewa na mtu. Watu wa Iringa wagemao ulanzi hukata ncha ya chipukizi la mwanzi wakati wa mvua, hukinga utomvu wake, nao huchacha wenyewe pasipo kutiwa hamira. Neno lilichukuliwa kutoka katika jambo linalojulikana, likaongezwa viambishi, basi.

Wapo wapendao bayomasi, nasi hatuichukii, ila haimfunulii msomaji kitu. Sisi twapendekeza tungamohai kwa dhana nzima, na tungamotaka ibakie kwa mabaki peke yake. Tutaambiwa kwamba kuni kavu si hai. Ni kweli, lakini hai hapa yataja asili ya kitu, kama vile tuitavyo ngozi ya ng'ombe hata ikiwa kiatu. Mgawanyo huu utamlazimu mfasiri kufanya kazi ambayo neno la sasa humwondolea: akikutana na gogo la mwati katika taarifa ya Njombe, aulize kwanza kama mti ule ulipandwa kwa ajili ya gome au kwa ajili ya tanuri.