Bwana X na Mafua Yetu

Tarehe 11 Desemba 1945, mjini Stockholm, Alexander Fleming alitoa mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel. Penisilini aliigundua mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's, London. Wengi tunaukumbuka ugunduzi. Mimi kama mwandishi wa habari naikumbuka zaidi hadithi fupi aliyoiweka karibu na mwisho wa mhadhara.

Bwana X anaumwa koo. Ananunua penisilini, anajitibu mwenyewe, anameza kidogo. Bakteria hawafi, wanazoea dawa. Anamwambukiza mkewe, naye anapata nimonia. Anatibiwa kwa penisilini ileile, lakini haifui dafu tena. Mke anakufa. Fleming hapindishi maneno: wa kulaumiwa ni Bwana X.

Angalau koo la Bwana X lilikuwa na bakteria. Mafua ya kawaida huletwa na virusi. Mwaka 1946 Waingereza walifungua kituo cha utafiti wa mafua Salisbury, watu wakajitolea kutiwa matone yenye virusi puani. Leo tunajua virusi hivyo ni vya aina zaidi ya mia moja. Penisilini hubomoa ukuta wa bakteria. Virusi havina ukuta huo, sasa dawa ibomoe nini?

Mbona basi tunaapa kwamba antibayotiki zimetuponya? Kwa sababu mafua huondoka yenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja au siku kumi. Unameza vidonge vya rangi mbili siku ya nne, siku ya saba umepona, sifa zote kidonge. Wahenga walishasema: jogoo awike asiwike, kutakucha.

Ila jogoo huyu ana gharama. Bakteria wengine waliomo mwilini wanaionja dawa, na wale wanaoihimili ndio wanaobaki na kuzaana. Huo ndio usugu wa dawa. Siku mafua yakizaa nimonia ya bakteria, na daktari ana sababu ya kweli ya kuandika antibayotiki, huenda isisaidie.

Kila nikiisoma hadithi ya Fleming namfikiria yule mke. Hakununua dawa, hakuulizwa chochote. Bwana X yeye huenda alipona koo lake, na pengine aliisifu penisilini.