Paa la stoo likivuja: Bati, vigae au makuti?

Stoo ndogo ya nyuma ya nyumba husahaulika mpaka masika yaanze. Mara nyingi mwenyewe hugundua kuwa inavuja siku anapofungua gunia la mahindi na kukutana na harufu ya ukungu.

Hasara yake si gunia tu. Mahindi yaliyoloa huota kuvu wanaoweza kuzalisha sumukuvu, na kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2004, mlipuko wa sumukuvu mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, uliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yalihusishwa na janga hilo.

Chunguza kabla ya kununua

Ingia ndani mchana, funga mlango, tazama juu. Mwanga utakuonyesha matundu. Kama tatizo ni misumari michache iliyolegea, ibadilishe pamoja na mipira yake. Kama kutu imesambaa, ezua. Kisha choma mbao kwa bisibisi: ikizama kwa urahisi, ubao umeoza, na bati jipya halitashika juu yake.

Bati

Ndilo chaguo la wengi kwa sababu ni jepesi na fundi wake hapatikani kwa shida. Uliza geji. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Stoo iliyo chini ya mwembe au mnazi inahitaji bati nene.

Pwani, hewa ya chumvi hula haraka bati lililopakwa zinki peke yake. Lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki hudumu zaidi.

Bati pia hutoa jasho. Usiku likipoa, mvuke wa ndani hugeuka matone, na mtu hudhani paa linavuja. Acha nafasi ya hewa chini ya paa, uizibe kwa wavu wa waya ili panya wasiingie.

Vigae

Vigae hupunguza joto, lakini ni vizito. Mita moja ya mraba inaweza kuzidi kilo 40, wakati bati la kawaida halifikishi kilo 5. Stoo iliyojengwa kwa miti myembamba haiwezi kubeba mzigo huo bila kenchi mpya.

Makuti

Hayashiki joto na hupitisha hewa. Hata hivyo yanahitaji mteremko mkali, karibu nyuzi 45, ili maji yakimbie. Hubadilishwa kila baada ya miaka michache, hushika moto upesi na huficha panya. Yanafaa kwa stoo ya majembe kuliko ya nafaka.

Kama paa la zamani ni la asbesto

Usilikate, usilitoboe wala kulivunja. Nyuzi zake zikivutwa na pumzi zinaweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Omba kwanza maelekezo ya mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania Bara, NEMA kwa Kenya.

Unapoezeka

Bati zuri likipigwa vibaya litavuja vilevile. Kwa bati la mawimbi, piga msumari juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni, kwa kuwa maji hupita bondeni. Bati la juu lilalie la chini kwa sentimita 15 au zaidi. Anza upande ulio mbali na unakotoka upepo wa mvua, ili upepo usipenyeze maji kwenye maungio.

Kwa stoo nyingi za nafaka, bati nene kwenye mbao nzima ndilo jibu. Pesa zikiwa chache, punguza ukubwa wa stoo, usipunguze unene wa bati. Na magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, kwa sababu unyevu hupanda pia kutoka sakafuni.