Unbertus, fundi aliyeandika jina lake mu jiwe

Tukisoma historia ya makanisa makubwa ya Ulaya tunakutana na majina ya wafalme, maaskofu na maabate. Wale waliochonga mawe wako wapi? Jibu moja iko kando ya mto Loire, ku Ufaransa, mu kanisa la Saint-Benoît-sur-Loire, monasteri ya zamani ya Fleury.

Abate Gauzlin aliongoza Fleury kuanzia 1004 mpaka 1030, na ni yeye aliyeanzisha mnara wa mlango wa kanisa lile. Mtawa André de Fleury, aliyeandika maisha yake, anaeleza kwamba mawe yaliletwa kwa njia ya maji kutoka Nivernais, na kwamba abate alitaka mnara uwe mfano kwa Gaule yote. Basi jina la abate likabaki.

Lakini tuinue macho kwenye nguzo. Tao linashuka na mguu mpana wa mraba. Nguzo chini yake iko ya duara na nyembamba. Kati yao wanaweka jiwe pana juu, jembamba chini, ili uzito ushuke vizuri. Ndicho kichwa cha nguzo, wenzetu wa ujenzi wanaita shapito. Kazi yake ni kubeba, lakini pia iko nafasi ya kuchonga.

Pale Fleury mafundi walifuata kwanza mfano wa Waroma wa zamani: majani ya akanto, safu juu ya safu, na pembe zenye kujikunja. Halafu wakaingiza watu, wanyama na habari za Biblia, kama vile Yosefu na Maria wakikimbilia Misri, ao maono ya Ufunuo. Hivi mtindo wa romane, uliotangulia gotiki, ulikuwa unapata sura yake.

Sasa, juu ya kichwa kimoja cha majani kuna maneno matatu ya Kilatini: Unbertus me fecit. Maana yake, Unbertus alinitengeneza. Ni jiwe lenyewe linasema! Wataalamu wengi wanamuona huyu Unbertus kuwa fundi mchongaji.

Gauzlin alikuwa na mtawa wa kumuandikia maisha. Unbertus alijiandikia mwenyewe, na tindo. Sisi wenye diploma tumezoea kutafuta historia mu vitabu tu. Tukiingia mu jengo la zamani, tusome na mawe yake.