Sadaka Iliyozaa Dawa Ghali

Baridi yabisi haiui upesi. Nadhani ndiyo maana wakubwa huichangia kwa mkono wa birika. Kule London, katika miaka ya 1960, Taasisi ya Kennedy ilianzishwa kwa fedha za hisani. Humo Marc Feldmann na Ravinder Maini waligundua kwamba protini ya mwili iitwayo TNF ndiyo huchochea uvimbe wa viungo. Mwaka 1992 waliwatia wagonjwa wachache dawa ya kuizuia, na maumivu yakapungua. Baadaye dawa za aina hiyo zilitibu hata soriasisi, yale magamba ya ngozi yanayowafanya watu wakimbiwe bure. Lakini nauliza: mbona kilichoanza kwa sadaka kimeuzwa ghali hivyo, hata mgonjwa wa kawaida wa Dar es Salaam asikimudu?